Pambizoni

Kila Januari, theluji ikiziba njia ya mgodi wa chumvi,
huifunga maktaba siku tatu, huchukua kifutio,
hufuta yote ambayo watu wa Turda wameandika
mahali wasiporuhusiwa.

Mwaka huu kitabu kimoja kimenishinda.
Riwaya ya kijasusi, jalada jekundu, uti wa mgongo umevunjika:
daktari wa meno katika mji usiotajwa
anaambiwa awasikilize wagonjwa wake wakiwa wameachama,
kisha awaandike.
Hataki. Anaandika.
Kurasa mia tatu na arobaini za kutotaka.

Nawajua wasomaji wangu kwa mikono yao.
Bibi Zamfira, mwalimu wa hesabu asiyestaafu moyoni,
amempa daktari alama ukurasa wa tisini, nne kwa kumi,
na chini yake: "Mwoga huyu. Angekataa tu."
Horia wa karakana ya mabasi amejibu kwa wino,
kidole cha grisi kando kama muhuri:
"Kukataa ni rahisi ukiwa umekalia kochi, mama."
Wamegombana hivyo kurasa sita bila kukutana,
mmoja akiazima Machi, mwenziwe Juni.
Kijana fulani analalamika kwamba hakuna bastola.
Kasisi Casian hakuandika neno;
amepiga mstari chini ya kila "samahani".
Nimezihesabu, ni kumi na saba,
na kumi na sita daktari anawaambia
watu waliokwisha kutoka mlangoni.

Halafu kuna huyu mwingine.
Kalamu ya risasi iliyochongwa kwa kisu,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Hasifu, halaumu. Anasahihisha.

"Hawakuja usiku. Walikuja saa nne asubuhi,
wamenyoa ndevu, wakaisifu kahawa."

"Hakuna aliyemtisha. Walimpa pole ya msiba."

"Si bahasha. Ilikuwa dawa ya kifua ya mtoto,
ile iliyokuwa haipatikani."

"Ripoti ya kwanza si ngumu. Ngumu ni ya nne,
unapogundua umeanza kuandika vizuri."

Ukurasa wa mia tatu na moja,
daktari anapomwandika shemeji yake,
pambizo ina neno moja tu:
"Aliandika."
Nikakisogeza kitabu karibu na taa.
Chini ya ile A pana kovu, karatasi imechubuka,
na ukiuinamisha ukurasa utaona
kwamba kabla ya kifutio palikuwa na NI.
Herufi mbili zimetoka, moja imeingia,
na mtu mzima amejibanza nyuma yake.

Ninayo kadi ya waazimaji. Majina kumi na moja.
Nikamtoa Zamfira, nikamtoa Horia, nikamtoa kasisi,
na vijana waliozaliwa baada ya mapinduzi.
Wakabaki watatu.
Nikatafuta daftari. Nikaandika nani huchonga kwa kisu,
nani mtoto wake aliugua kifua kipupwe kile,
nani, baba yangu alipochukuliwa,
alituletea gunia la viazi akaliacha kizingitini,
hakutaka kuingia ndani.
Tarehe. Saa. Tabia.
Sentensi zilikuja safi, kila moja na kitenzi chake,
nikajikuta nazipenda zinavyokaa.

Hapo kalamu ikasimama.
Sikumbuki kama ni mimi niliyeisimamisha.

Jumatatu nikafungua. Bibi Zamfira akaingia
anakung'uta theluji viatuni,
anakitaka tena, ana la kumjibu Horia.
"Kimerudi?"
Kilikuwa mapajani mwangu, chini ya meza,
daftari limechomoza ndani yake kama ulimi.
"Bado," nikasema.
Akavua glavu, kidole kimoja kimoja.
"Nani anacho?"